Deikea ya nyumbani: ni watoto wangapi ndipo leseni inahitajika? (Nakuru)

MamaShiko_Kaptembwa

Habari zenu wanajukwaa. Nina swali, na naomba anayejibu ajibu kwa anachokijua, si kwa alichosikia kinyozini.

Naangalia watoto nyumbani kwangu, Kaptembwa. Ilianza na mtoto wa jirani, akaja wa dada yake, sasa wamefika saba bila kuhesabu kitinda mimba wangu. Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, mdogo kabisa miezi minne. Wengi wanalipa shilingi 70 kwa siku, wachache wanalipa kwa wiki. Wengine wanaleta chakula kwa kontena, wengine nawapikia uji asubuhi na mchana viazi na mboga. Nafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ya akina mama wa zamu, nafunga saa kumi na mbili jioni.

Juzi kanjo, askari wa kaunti, walikuwa wanakagua leseni za maduka yaliyo mbele ya ploti yetu. Mmoja akasikia watoto, akachungulia, akauliza, "Mama, hii ni shule?" Nikamwambia ni nyumbani. Akauliza nina karatasi gani. Hakunisumbua, alinielekeza tu nipite ofisi ya wadi nikaulize. Tangu siku hiyo kila mtu ananipa namba yake. Mmoja anasema chini ya kumi hakuna leseni. Mwingine anasema watano. Mwingine ati lazima niwe na diploma ya ECDE, ile ya kufundisha chekechea. Haswa ni wangapi?

Kijana_wa_58

Chini ya kumi uko sawa mama. Fanya kazi yako.

BabaTeti

@Kijana_wa_58 kumi umeitoa wapi? Taja sheria.

Kijana_wa_58

Ndivyo inavyojulikana.

BabaTeti

Inajulikana na nani? Huyu mama akipelekwa mbele ya hakimu aseme "kijana mmoja wa Section 58 alinihakikishia"?

Afya_Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya umma miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo. Mniwie radhi.

Mama Shiko, swali la "wangapi" ndilo linalowapoteza watu. Unatafuta mstari kwenye hesabu ya vichwa, na kwetu mstari hauko hapo. Anza na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kwenye orodha ya kazi za kaunti. Elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto vimewekwa pamoja kwenye kipengele kimoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ndiyo maana aliyekuchungulia alikuwa wa kaunti, si wa wizara Nairobi. Na ndiyo maana mtu akikusomea sheria ya Nairobi ya vituo vya malezi ya watoto ya 2017, msikilize kwa heshima, halafu ukumbuke kwamba hiyo ilipitishwa na bunge la kaunti ya Nairobi na inabana Nairobi. Kaptembwa haimo.

Sasa jiulize maswali manne badala ya moja.

Unalipwa? Ukishalipwa, kwa macho ya kaunti hiyo ni biashara, na biashara ina leseni yake ya kila mwaka. Haijalishi ni mtoto mmoja au ishirini, na haijalishi kama iko sebuleni. Ada zake hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti, na hiyo hutungwa upya karibu kila mwaka, kwa hiyo usikubali kutajiwa bei ya mwaka juzi.

Unawapikia? Hapo unakutana na watu wa idara yangu. Chakula kinachopikiwa watu wa nje kwa malipo kinaingia chini ya sheria ya vyakula, Sura ya 254, na anayekishika anapaswa kuwa na cheti cha afya. Kile cha kwenda kupimwa choo, na kinafanywa upya kila baada ya miezi sita. Hata kama ni uji tu. Tena uji ndio hasa, kwa sababu unapoa ukishikwashikwa.

Unafundisha? Hilo ni swali zito kuliko watu wanavyofikiri, nitamwachia mwalimu alizungumzie kama yuko humu.

Wanalala kwako usiku? Kama jibu ni ndiyo, nijulishe kabla hujaenda ofisi yoyote, kwa sababu hapo unahama kabisa kutoka kundi moja la sheria kwenda lingine.

Ukiona, hakuna hata swali moja kati ya hayo linalouliza ni watoto wangapi. Idadi inakuja baadaye, mkaguzi akishaingia na kupima chumba kwa macho: hawa wote wanalala wapi saa saba mchana, wanaenda haja wapi, na moto ukitokea unawabeba vipi ukiwa peke yako. Wewe una saba na wako mmoja, na angalau mmoja hatembei. Hesabu mikono yako.

BabaTeti

Hapo sasa. Kijana wa 58 uko?

Kijana_wa_58

Niko nasoma. Sijakufa.

Atieno_Leicester

Naomba niingilie kwa sababu nadhani najua hizo namba zinatoka wapi. Zinatoka huku kwetu ughaibuni, zinatumwa kwa WhatsApp, zinafika nyumbani zimevaa nguo za Kenya.

Nilizaliwa Kisumu, sasa naishi Uingereza, na nimewahi kuwa mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa. Huku England mstari unaangalia umri, saa na malipo. Ukiangalia mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwako, kwa malipo, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, lazima usajiliwe, ama na Ofsted, ofisi ya serikali ya ukaguzi, ama na wakala wa walezi. Mtoto mmoja tu anatosha kukuingiza. Ukimshika jioni kati ya saa kumi na mbili na saa nane usiku, hiyo inahesabiwa kuwa kumwangalia tu mzazi akiwa ametoka, na usajili hautakiwi. Idadi inakuja ukishasajiliwa: kwa kawaida mlezi mmoja haruhusiwi kupita watoto 6 wa chini ya miaka 8, na kati yao wa chini ya miaka 5 wasizidi 3, watoto wako mwenyewe wakihesabiwa humo humo. Na kila anayeishi nyumbani humo mwenye miaka 16 na zaidi anachunguzwa rekodi za polisi. Mume wangu alipoambiwa naye achunguzwe alinuna wiki nzima.

Marekani kila jimbo lina yake. California, kwa mfano, hawaanzi na namba ya watoto, wanaanza na familia: ukiangalia watoto wako na wa familia moja nyingine, huhitaji leseni. Ukiongeza familia ya pili, unahitaji.

Kwa hiyo anayekwambia "tano" au "kumi" huenda hadanganyi. Ana binamu yake mahali fulani.

Nekesa_Bgm

Mulembe. Mimi nitasema lisilopendeza. Mnamwandikia huyu mama orodha kana kwamba anafungua hoteli ya kitalii. Piga hesabu. Watoto saba kwa 70 ni shilingi 490 kwa siku, na hapo hakuna aliyekosa kuja, hakuna aliyesema "nitakulipa Ijumaa". Toa uji, toa maji, toa makaa, toa sabuni. Kinachobaki mnataka kiende leseni ya biashara, cheti cha afya, kizima moto, na nini tena?

Huku Bungoma nimeona mwanamke akiacha kazi hii kwa hofu ya karatasi. Wale watoto hawakwenda kituo chenye leseni. Walirudi kuachiwa dada yao wa miaka tisa, au kufungiwa ndani mama akaenda sokoni. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu ya uzazi, na hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Muuza nyanya hana hata hiyo. Mtoto wa wiki sita anahitaji mikono ya mtu, na mikono inayopatikana kwa 70 ni ya akina Mama Shiko.

Afya_Mstaafu

@Nekesa_Bgm sikupingi kwenye hesabu, dada. Lakini karatasi na kile ambacho karatasi inatafuta ni vitu viwili. Nitakutajia nilichokuwa naangalia mimi nikiingia, uniambie kipi ni cha hoteli ya kitalii.

Jiko la makaa. Asubuhi za Nakuru zina baridi, mnaijua ile ya mwezi wa saba. Mtu anafunga dirisha, anaingiza jiko ndani ili watoto wapate joto. Moshi huuoni lakini hewa yake inaua, na inaanza na wadogo. Kutoa jiko nje ni bure.

Ndoo na mtungi wa maji usio na kifuniko. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, kichwa kikitangulia. Kifuniko.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Sihitaji kueleza.

Kunawa mikono. Sikutaka sinki. Kibuyu chirizi kinatengenezwa na mtungi wa lita 5, kamba na kijiti, na kipande cha sabuni pembeni. Nilikuwa nikikiona mlangoni najua huyu mama ameelewa.

Mtoto mchanga alale chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito. Akina shosho wanabisha hili, wanasema atapaliwa. Hapaliwi.

Njugu na mahindi ya kuchoma kwa wa chini ya miaka mitano, hapana.

Halafu hili la kwetu hasa: maji ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya Bonde la Ufa vinakivuka bila kutoa jasho. Meno ya kudumu ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi akiwa bado mdogo. Ukimpikia uji wa maji hayo kila siku kwa miaka mitatu, yale meno ya kahawia tunayotambuana nayo tukienda Nairobi ndiyo unayapika. Kwa uji na ya kunywa, tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua.

Karibu yote hayo ni bure au ni ya bei ya sahani moja ya chipsi.

Nekesa_Bgm

Sawa, hiyo orodha naikubali. Mtu akija na hiyo tu nitamkaribisha chai. Tatizo langu ni anayekuja na risiti kwanza.

Mwalimu_Kondele

Nimeitwa. Nafundisha ECDE Kisumu, na hili la kufundisha ni kweli linaponza wengi.

Deikea ya kweli ni mahali pa malezi: kula, kulala, kucheza, kubadilishwa nepi. Lakini mzazi wa Kenya hajui kukaa hapo. Mtoto akifikisha miaka mitatu mama anauliza, "Mbona hajui kuandika jina?" Basi mlezi ananunua ubao. Mwaka unaofuata kuna sweta za rangi moja. Mwaka wa tatu kuna watoto wamevaa joho na kofia za mahafali, wazazi wamechangishwa keki, na kibao nje kimeandikwa Academy. Wakati huo wote hakuna siku mtu aliamka akasema leo nafungua shule. Imefunguka yenyewe.

Elimu ya awali, yaani PP1 kwa wa miaka minne na PP2 kwa wa miaka mitano, ina sheria yake, Sheria ya Elimu ya Utotoni ya 2021. Kituo kinachoitoa kinasajiliwa kama taasisi ya elimu, na hapo ndipo masuala ya mwalimu aliyesomea, mtaala na ukaguzi wa elimu yanaingia. Mama Shiko, hiyo diploma uliyotishiwa ni ya huko. Mkubwa wako ana miaka mitatu na nusu. Akifika minne mpeleke PP1 ya kaunti iliyo karibu, umpokee mchana akitoka. Utaendelea kulipwa na utabaki mlezi. Ukimshika kwako umfundishe hadi aingie Gredi ya Kwanza, unajenga shule bila kibali.

Kuimba nao, kuwahadithia, kuwahesabia vidole, hayo si kufundisha shule, hayo ni kulea. Fanya mengi.

Omera_Nyalenda

Mwalimu umenikumbusha ile ya mahafali ya wenye miaka miwili. Mgeni wa heshima alikuwa mtu wa kinyang'anyiro cha MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, hotuba ya saa nzima, watoto wamejikojolea ndani ya joho 😂

Nikiongeza la huku ziwani: ukipokea mtoto, omba kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki uangalie chanjo. Kaunti za huku za malaria, kuna chanjo ya malaria tangu 2019, ilizinduliwa Ndhiwa, na watoto wengi wanapata dozi za mwanzo halafu ya mwisho inasahaulika kwa sababu mama ameshazoea kwamba kliniki imeisha. Surua na rubela nayo ni miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya 18 ndiyo inarukwa. Mke wangu ana deikea Nyalenda, ameandika tarehe za kila mtoto ukutani kwa chaki. CHP wetu, yule mhudumu wa afya wa jamii, akipita anasomea hapo hapo. Na wiki za Malezi Bora, mwezi wa tano na wa kumi na moja, wanakuja na vitamini A na dawa za minyoo, wanawapa watoto wote mara moja bila mzazi kukosa siku ya kibarua.

Afya_Mstaafu

Huyo mke wako ningempa cheti papo hapo.

MamaShiko_Kaptembwa

Asanteni sana, sikutegemea majibu kama haya. Naomba kuuliza zaidi.

La kwanza, nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba anajua kuna watoto lakini hatujawahi kuongea rasmi. La pili, mama wa mtoto wa miezi minne anafanya zamu za usiku mara moja moja, ameniomba mtoto alale kwangu. Nimeona mzee ameandika nimjulishe, basi ndiyo hii nakujulisha. La tatu, huwa naweka picha za watoto kwa stetasi ya WhatsApp, wamependeza wakila, na nimepata wateja hapo. Je, kuna shida?

Ploti_Lanet

Hilo la kwanza nijibu mimi, kwa sababu ni mwenye nyumba na nina mpangaji kama wewe.

Ongea naye kabla ya kwenda kaunti, si baada. Akisikia kwa kanjo atadhani ulimficha. Mwombe barua fupi inayosema anajua na anaruhusu, yenye namba ya ploti. Ukienda kuomba leseni ya biashara utaulizwa biashara iko wapi, na kama hapo ni makazi tu, suala la matumizi ya ardhi linaweza kuja. Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, kubadilisha nyumba ya kuishi kuwa kitu kingine kunahitaji ruhusa ya kaunti, na anayeomba kwa kawaida ni mwenye mali. Mlezi anayeishi humo na watoto wachache ni kitu kimoja. Ukichukua nyumba ya pili, ukaweka kibao na watoto thelathini, hapo ni mimi mwenye ploti nitakayeitwa, na ndiyo maana wenye nyumba wengine wanakuwa wakali.

Jambo jingine ambalo wapangaji hawalisemi: choo. Kama choo ni cha ploti nzima, watoto saba wa ziada ni ugomvi unaosubiri siku. Wangu aliamua kutumia poti na kulipa mtu wa kuosha choo kwa wiki. Majirani walinyamaza.

Afya_Mstaafu

Mama Shiko, kuhusu usiku: kataa. Nakataa kwa niaba yako hata kama hupendi kumkatalia.

Deikea ni ya mchana. Mtoto anaondoka nyumbani asubuhi na kurudi kwa wazazi jioni. Watoto wa watu wakianza kulala kwako kwa malipo, mtu wa nje hana namna ya kutofautisha na makao ya watoto, na hayo yako chini ya Baraza la Taifa la Huduma kwa Watoto, kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto tangu Novemba 2017, na mwelekeo wa nchi sasa ni kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Kwa hiyo kile ambacho mchana ni huduma njema, usiku kinaweza kukuletea afisa wa watoto wa kaunti ndogo na maswali ambayo huna majibu yake. Kama ni rafiki yako na mtoto amelala mara moja kwa dharura, huo ni ujirani, hakuna anayekushtaki kwa ujirani. Usiuweke kwenye bei zako.

Na hata tukiacha sheria, mtu aliyeamka saa kumi usiku kufungua mlango hawezi kukesha na mtoto wa miezi minne halafu kesho awe macho kwa saba.

Wakili_Mdogo_Kakamega

La picha nalichukua mimi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wewe si shule, lakini sheria haikuuliza ukubwa wa jengo. Piga picha ya sahani, ya vitanda, ya mikono ikinawa. Ukitaka nyuso, andika karatasi ya mistari miwili mzazi aweke sahihi, na akisema hapana iwe hapana. Na kuna sababu iliyo karibu zaidi na mlango wako kuliko faini: stetasi inaonwa na kila aliye na namba yako, pamoja na baba aliyeachana na mama na ambaye mama hataki ajue mtoto anashinda wapi.

Hilo linanileta kwenye daftari. Kabla hata ya leseni nunua daftari. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba za watu wawili, na majina ya walioruhusiwa kumchukua jioni. Mtu mwingine akija, hata akiwa mjomba na mtoto anamkimbilia, unapiga simu kwanza. Andika saa ya kuingia na ya kutoka, na kama mtoto amefika na alama mwilini, iandike mbele ya mama yake asubuhi hiyo hiyo. Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, namba ni 116, ni bure, saa zote. Daftari hilo litakulinda kuliko leseni, maana leseni inasema uliruhusiwa kufungua, haisemi kilichotokea Jumanne.

Kuhusu KRA, watu wa kodi, kwa sababu najua mtu atatisha: shilingi 490 kwa siku 26 ni 12,740 kwa mwezi, chini ya 153,000 kwa mwaka. Kodi ya mauzo inaanza mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka. Wasilisha tu ritani yako ya kodi kabla ya Juni 30 kama kila mwenye PIN. Siku ukiajiri msaidizi, rudi tuongee tena, hapo kuna NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na ada ya nyumba.

Mzalendo_Mwanza

Majirani, poleni na hongereni. Huku kwetu Tanzania jambo hili linapita kwa ustawi wa jamii. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mlango wa kuanzia. Nauliza tu, kwenu ni nani hasa mlango wa kwanza? Maana nimesoma afya, elimu, ardhi, kanjo, watoto. Huyu mama atazunguka mpaka lini?

Afya_Mstaafu

Swali zuri la jirani. Mimi ningemwambia afuate njia hii, na sababu ni kwamba kila karatasi inaombwa na inayofuata.

Barua ya mwenye nyumba kwanza. Halafu afisa wa afya ya umma wa wadi, umkaribishe mwenyewe kabla hajaja mwenyewe. Mtu aliyeitwa anaingia kama mshauri, aliyekuja kwa malalamiko ya jirani anaingia kama polisi, na hata sheria ya afya ya umma, Sura ya 242, inampa nguvu tofauti akija kuondoa kero. Atakwambia cha kurekebisha na atakuelekeza pa kupimiwa cheti cha chakula. Kisha ofisi ya wadi kwa leseni ya biashara, ukisema wazi kwamba ni malezi ya mchana ya watoto wa chini ya miaka minne, si shule. Maneno hayo yaandikwe kwenye fomu hivyo hivyo, maana ukiwekwa kwenye fungu la shule binafsi utatozwa ya shule binafsi. Ukiwa hapo uliza idara ya elimu ya kaunti ndogo kama kuna usajili wa vituo vya malezi, uandikishe jina. Mwisho afisa wa watoto, umjulishe tu upo. Huyo wengi wanamkimbia, ilhali ndiye atakayekutetea siku jirani akisema unauza watoto.

Huduma ya kwanza nayo usisahau. Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha. Jifunze hasa mtoto aliyekabwa na chakula, kwa sababu hapo huna muda wa kumpigia mtu.

Nekesa_Bgm

Mzee, nakubali njia yako, ila andika pia kwamba ofisi tano kwa mwanamke anayefungua saa kumi na moja na nusu alfajiri ni ofisi tano anazokwenda akiwa amefunga kazi. Nani anakaa na watoto siku hiyo? Kaunti zikitaka vituo visajiliwe, ziwatume maofisa wao wote siku moja, chini ya mti mmoja, Jumamosi. Kliniki za chanjo zinafanya hivyo.

Afya_Mstaafu

Hilo sina jibu lake, na wala sitakubishia.

Mwalimu_Kondele

Tena walezi wenyewe wakiwa kwenye chama inakuwa rahisi. Hapa Kisumu nimeona wa mtaa mmoja wakipokezana: mmoja anaenda ofisini na makaratasi ya wote, wengine wanagawana watoto wake siku hiyo. Mama Shiko, Kaptembwa na Rhonda deikea ni nyingi. Tafuta wawili watatu.

Kijana_wa_58

Mimi nimeondoa kumi yangu. Lakini dada yangu ana watoto wawili tu wa watu anaowaangalia Free Area, hapiki, wazazi wanaleta kila kitu. Naye?

Wakili_Mdogo_Kakamega

Analipwa?

Kijana_wa_58

Analipwa.

Wakili_Mdogo_Kakamega

Basi aanze na daftari, halafu apite ofisi ya wadi. Cheti cha chakula hakimhusu mpaka siku atakapowasha jiko kwa ajili yao.

MamaShiko_Kaptembwa

Mwenye nyumba amekubali kuandika barua. Ameweka sharti moja: kamba za nguo za nyuma zisijae nepi. Hilo tutaelewana. Mafuta ya taa nimeyatoa, yako kwenye mtungi juu ya kabati. Afisa wa afya wa wadi nimepewa namba yake na CHP wetu, atapita wiki ijayo. Kuna mama mmoja wa Rhonda ameniandikia inboksi, yeye ana kumi na mmoja na wasaidizi wawili, tutaenda ofisi ya wadi pamoja. Picha nimezifuta.

Mzee, swali moja dogo: huo mkaa wa mifupa wa kuchuja maji, unanunuliwa au unatengenezwa?

Afya_Mstaafu

Unanunuliwa ukiwa tayari ndani ya chujio. Usijaribu kuchoma mifupa ya bucha nyumbani, ukichoma vibaya maji yatanuka na hayatachujika. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo ya kuchuja floraidi miaka mingi, anzia kuulizia huko. Chujio likitumika muda linachoka, kwa hiyo ulizia pia linabadilishwa lini.

Zamu_Pipeline

Samahani kwa kuingilia uzi. Mama Shiko, niko karibu na wewe, nina mtoto wa miezi mitano na nimerudi kazini. Una nafasi? Nakamua maziwa usiku, sijui kama unakubali kuyashika.

MamaShiko_Kaptembwa

Karibu dada, ila mpaka huyo afisa wa afya apite, siongezi mtoto. Maziwa nakubali, mradi uyalete kwa chupa yenye kifuniko, uandike jina na saa uliyokamua. Sina friji, kwa hiyo yaliyokaa nje kwa muda wa saa nne nayamwaga, usije ukakasirika. Niandikie inboksi nikueleze mlango.